Sekunde Nne Kabla ya Sawa

1

Kwa miaka kumi na moja Tusekile alikuwa mgonga ubao wa mchezo wa redio wa Alhamisi, na hakuna mtu mjini Mbeya aliyeugonga vizuri kuliko yeye. Ubao wenyewe ulikuwa kipande cha mninga kilichofungwa juu ya meza ya studio. Kila ilipoandikwa kwamba mhusika anakubali jambo, mwigizaji alinyamaza, Tusekile akagonga mara moja kwa kifundo cha kidole, ko, na wasikilizaji majumbani wakaelewa. Mhusika akikubali shingo upande, aligonga taratibu na kuuacha mlio ufe wenyewe. Akikubali kwa furaha, aligonga kwa mkato. Watoto mitaani waliuiga mlio wake kwenye madebe.

Neno lenyewe hakuna mwigizaji aliyethubutu kulitamka. Tangu enzi za bibi zao, Idara ya Maafikiano ilikuwa imeweka vinasa sauti kwenye kuta za kila jengo, kwenye simu, hata kwenye vizimba vya sokoni, na mtu akiulizwa jambo akajibu "sawa", sauti yake ndiyo ilikuwa sahihi yake. Foleni za karatasi zikaisha. Watu walioana kwa sawa, walipangishwa nyumba kwa sawa, walipasuliwa matumbo hospitalini kwa sawa. Kulikuwa na kisa cha mwigizaji wa zamani aliyelisema neno hilo kwenye mchezo wa harusi akajikuta ameoa kweli, tena ameoa mtu aliyekuwa hamsemeshi. Watu walikicheka sana kisa hicho, na wakishacheka waliuchunga ulimi.

Jumanne hiyo walikuwa wamekaa studioni wakimngoja Mwalimu Ambakisye. Yeye ndiye aliyeitunga michezo ya Alhamisi, na wote waliokuwemo aliwafundisha yeye, ndiyo maana hata Bi Bupe, mkuu wa kituo, mwanamke asiyemnyenyekea mtu, alimwita Mwalimu. Alikuwa na kigugumizi kizito. Akifika kwenye herufi ngumu alisimama hapo kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, nao walishajifunza kungoja. Michezo yake yote ilihusu jambo moja, mji ambao watu wameamka siku moja wakiwa na sauti moja, na kila wiki aliupata mlango mpya wa kuuingia mji huo. Wasikilizaji walizima redio huku wakitetemeka, na wiki iliyofuata waliiwasha tena.

"Mi-mimi siandiki kwa ujasiri," aliwahi kumwambia Tusekile. "Na-naandika kwa woga. Naogopa siku nitakayofungua mdomo nikute ma-maneno yaliyomo ni ya jirani."

Mlango ukafunguliwa.

"Habari za asubuhi, jamani! Sawa, tuanze."

Fundi mitambo aliondoa mikono yake kwenye vitufe. Hakuna aliyejua atazame wapi. Mwalimu Ambakisye alivuta kiti akakaa, uso wake umekunjuka, na alipoinama kuweka mkoba chini wakakiona, nyuma ya sikio la kushoto, kiduara cha shaba kidogo kama kifungo cha shati. Kitulizo. Walikuwa wameviona kwa wagonjwa wa wasiwasi na kwa wafungwa waliokaribia kutoka, lakini hakuna aliyefikiri angekiona kwa Mwalimu, aliyekikataa mara tatu, tena mara ya tatu kwa matusi.

"Mwalimu!" Bi Bupe alipiga makofi. "Umepona ulimi!"

"Nimepona kila kitu. Nalala usingizi wa pono."

Maneno yalimtoka laini, yakifuatana bila kugongana. Bi Bupe alimtazama kwa furaha, halafu kwa hesabu, kwa maana alikuwa mkuu wa kituo na barua za malalamiko zilikuwa mezani kwake.

"Basi Mwalimu, ule ukurasa wa tisa, pale binti anapokataa. Wasikilizaji wanasema unawakosesha usingizi. Hatuwezi kuutoa?"

Mtu huyu aliwahi kugombea koma kwa juma zima.

"Sawa," alisema.

"Na wa kumi?"

"Sawa."

"Na mwisho, binti akubali tu yaishe?"

"Sawa, Bupe. Kwani shida iko wapi?"

Kila alipolisema, taa ya kijani ya kinasa sauti ukutani iliwaka na kuzimika. Tusekile aliuweka mkono wake juu ya ubao. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, hakukuwa na kitu cha kugonga.

Mwalimu alipotoka kwenda kunywa chai, wenzake walikutanisha vichwa. Sheria walikuwa wakiijua. Mtu anayekataa kitulizo huweza kubandikwa kwa nguvu endapo wawili walio karibu naye wataridhia, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kazini. Wa nyumbani alijulikana, alikuwa dada yake, na dada yule alikuwa amechoka kumwona ndugu yake akitokwa jasho kwa kuomba chumvi tu. Lakini wa kazini alikuwa nani? Walitazamana mmoja baada ya mwingine.

Tusekile naye aliwatazama wenzake, akakunja uso kama wao, akasema, "Kweli, ni nani?"

2

"Ni mimi," alimwambia mumewe jioni ile.

Lwitiko alikuwa fundi wa saa, mtu wa vitu vidogo na maneno machache. Aliweka chini koleo lake na kusubiri.

"Yule afisa wa Idara alipiga simu wiki iliyopita," Tusekile alisema. "Akaongea, akaongea, dakika kumi nzima, afya ya Mwalimu, sijui nini ya Mwalimu. Mimi nilikuwa nakaanga viazi, mafuta yanaungua. Nikamwambia haya sawa, sawa, haya, nikakata. Sikuwa nakubali kitu. Nilikuwa namuaga tu."

Lwitiko alipumua. Hakuna mtu katika nchi ile ambaye hakuwahi kuteleza hivyo. Neno walilolichunga mchana kutwa liliwaponyoka mwisho wa simu, kwa sababu hata mama zao na bibi zao walikuwa wakikata simu hivyohivyo, haya sawa, haya. Idara yenyewe ilishalijua hilo. Ilikuwa imewafundisha wachambuzi wake kuitambua sawa ya kuaga. Huja mbilimbili au tatutatu, husemwa harakaharaka, na sauti huwa inafifia kwa kuwa msemaji ameshaanza kuiondoa simu sikioni. Sawa ya namna hiyo ilifutwa bila gharama kwa yeyote.

"Basi ni jambo rahisi," alisema. "Walimbandika lini?"

"Ijumaa."

"Mwisho keshokutwa jioni."

Alikuwa sahihi. Kitulizo husikiliza mshipa wa fahamu unaopanda kooni, na kila hofu inapotaka kupanda nao, hupeleka mtetemo mdogo wa kuipoza. Siku za mwanzo kazi hiyo hufanywa na shaba. Baada ya siku saba ubongo unakuwa umejifunza kujipoza wenyewe, na kukibandua hakusaidii kitu, ni kama kumvua mtu kofia.

"Nenda kesho," Lwitiko alisema. "Waambie ilikuwa ya kuaga. Watakibandua, yataisha."

Tusekile alianza kulia. Mumewe alimpapasa mgongo, akidhani analia kwa huruma, akamsifu kwa moyo wake mzuri, na sifa zile zilimwingia kama upupu. Alilia kwa sababu viazi vile alivikaanga jioni, na simu ilikuwa imepigwa asubuhi.

3

Afisa Gwantwa alikuwa msichana mpole mwenye sweta la kufuma, na alipomwona Tusekile alisimama.

"Shikamoo, mama. Karibu sana. Mimi nyumbani hatukosi mchezo wenu."

"Marahaba."

Mwalimu Ambakisye alikuwa ameshafika, kwa kuwa sheria ilitaka mhusika awepo. Alikuwa akila karanga. Alimpungia Tusekile mkono kwa uchangamfu wa mtu aliyekutana na jirani sokoni, kwani hakuwa ameambiwa ameitiwa nini. Lwitiko aliketi karibu na mlango, kofia mapajani.

"Mama anasema sawa yake ilikuwa ya kuaga," Gwantwa alisema. "Tusikilize, halafu tumalize."

Akabonyeza kitufe. Sauti ya afisa mwenyewe ikajaza chumba.

"...kwa hiyo, mama, dada yake ameridhia. Tumebaki na mtu wa kazini tu. Wewe unaridhia Mwalimu Ambakisye asawazishwe?"

Kikafuata kimya. Hakukuwa na mlio wa mafuta wala wa sufuria. Kwa mbali jogoo aliwika, jogoo wa asubuhi, na mtu akasikika akivuta pumzi na kuishusha. Kimya kile kilikuwa kirefu hata Gwantwa alitazama kucha zake. Kisha sauti ya Tusekile, kavu, ya karibu na simu, neno moja lisilo na mwenzake.

"Sawa."

Lwitiko aliinamisha kichwa. Mwalimu aliacha kutafuna, akacheka.

"Kumbe ni wewe, Tuse! Ungeniambia nikushukuru."

Aibu ilimpanda Tusekile kutoka miguuni, akahisi masikio yanawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na sweta la Gwantwa, karanga na vyote. Lakini ardhi haikupasuka, na ilimbidi akae pale ndani ya uso wake.

"Sekunde nne," Gwantwa alisema kwa sauti ya chini, kama daktari. "Mama, ya kuaga haiwi na sekunde nne."

Tusekile alizijua sekunde zile kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameelewa swali lilipoulizwa tu, wala halikumtatiza. Alikuwa amefikiria jasho la Mwalimu kwenye herufi ngumu, akaiokota huruma hiyo haraka ili ajifunike nayo, na chini ya huruma kulikuwa na barua za wasikilizaji, magunia kwa magunia, zote kwa jina la Mwalimu. Miaka yote hiyo naye alikuwa akiandika michezo yake pembeni. Mashujaa wake walisimama viwanjani na kupaza sauti kwamba hawakubali, hawakubali ng'o. Mwalimu aliisoma na kumrudishia kwa upole. "We-wewe huogopi bado," alimwambia. Na kweli hakuwa akiogopa. Hofu ya kufanana na wengine alikuwa akiiandika kwa kusimuliwa. Sekunde ya nne ilikuwa ya tangazo. Alikuwa amelisikia kichwani, mchezo wa Alhamisi, umetungwa na Tusekile, na akasema alichosema.

"Ilikuwa yangu," alisema sasa. "Nilikuwa nimeelewa. Naikana."

Gwantwa aliketi wima. "Mama, unajua inavyokuwa. Sawa halali haikanwi moja. Ukiikana, sauti yako inafutwa kitabuni na zote ulizowahi kutoa zinaanguka. Nyumba. Ajira. Ndoa." Alitazama mlangoni, akarudisha macho. "Na kuanzia leo sauti yako haitakuwa sahihi ya kitu. Utakuwa kama mtoto. Kila jambo atakusemea mtu mwingine."

"Najua."

"Na mwenyewe mhusika umemsikia. Mwalimu, wewe unataka kibanduliwe?"

"Wacha kikae!" Ambakisye alisema. "Msimsumbue binti wa watu. Sijawahi kuwa hivi tangu nizaliwe. Jana nimeagiza nyama buchani, nimetaja kilo na mahali pa kukata, na hakuna aliyenimalizia sentensi. Mnajua hilo ni nini? Niko sawa. Niko sawa kabisa."

Taa ya kijani iliwaka mara mbili. Alisema kweli, na ukweli wake ulimuuma Tusekile kuliko uwongo wowote aliowahi kuambiwa. Mtu yule alikuwa na furaha. Kumrudishia woga wake kulikuwa ni kumrudisha buchani akitokwa jasho, huku wenye haraka wakimmalizia maneno. Alikuwa amemfanyia jambo bila ridhaa yake, na sasa alikuwa anataka kulitengua bila ridhaa yake.

"Unaona, mama," Gwantwa alisema. "Huyu ameridhia, ingawa sheria inahesabu yenu wawili tu. Unamkania nani?"

Tusekile alimtazama Mwalimu. Alitafuta machoni mwake yule mtu wa koma, hakumpata. Aliona macho mazuri, yaliyotulia, yanayofanana na ya Gwantwa, yanayofanana na ya Bi Bupe akiwa amekula. Na hapo ndipo alipoogopa. Ilikuwa hofu halisi, si ya kusimuliwa, ikamkamata kooni hata sauti ikakwama.

"Na-namkania yule aliyekataa mara tatu," alisema. "Huyu m-mnayemuuliza mmemtengeneza ninyi. Nami nimewasaidia."

"Nikiandika, haifutiki."

"Andika. Nazikana zote."

Gwantwa aliandika polepole, akitumaini kusimamishwa. Taa ya ukutani iliwaka nyekundu, rangi ambayo Tusekile hakujua kama taa zile zilikuwa nayo, na haikuwaka tena kwa ajili yake, si siku hiyo wala siku nyingine. Wauguzi wawili waliingia wakamwongoza Mwalimu chumba cha pili. Alikwenda bila ubishi, amebeba karanga zake.

Nje, jua la mchana likiwaka juu ya mabati, Lwitiko alivaa kofia.

"Hukuniuliza," alisema.

"Sikukuuliza."

"Ndoa ilikuwa ya wawili, Tuse."

"Najua."

"Umezoea," Lwitiko alisema, na hakusema kwa hasira. Walitembea hadi nyumbani, nyumba ambayo tangu saa ile ilikuwa ya Lwitiko peke yake, na mlangoni akampisha apite kwanza kama anavyopishwa mgeni.

4

Bi Bupe hakuweza kumwajiri mtu asiye na sauti. Ubao walimpa fundi mitambo, aliyeugonga kama anayebisha hodi kwa wadeni wake, na mchezo wa Alhamisi ukasimama, muziki ukapigwa mahali pake. Habari ilienea mjini kabla jua halijazama. Sokoni wauza viazi waliacha kumwita dada. Mmoja alimuuliza, kwa sauti ya kusikika na wote, kama leo anakana au anakubali, na watu wakacheka, na Tusekile akachagua viazi vyake huku shingo imeinama. Hakujitetea. Alikuwa amegundua kwamba kila utetezi aliokuwa nao ulikuwa na viazi ndani yake.

Wiki ya nne Mwalimu Ambakisye alikuja. Tusekile alikuwa uani anafua. Alimwona amesimama kwenye kona ya nyumba, amekonda, jasho juu ya mdomo, nyuma ya sikio alama nyekundu ya mviringo. Akasimama, povu likimchuruzika mikononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu hakuitikia. Alimtazama tu. Katika maisha yake yote hakuna mkubwa aliyewahi kuiacha shikamoo yake hewani, na ilibaki pale kati yao.

Alitoa karatasi mkobani, akamnyooshea. Ulikuwa mchezo, umeandikwa kwa mkono, umekatwakatwa na kuandikwa tena. Tusekile aliufungua mwishoni. Wahusika walikuwa wawili, afisa na mwanamke mwenye simu. Afisa anauliza swali moja. Chini yake ilikuwa imeandikwa: kimya, sekunde nne. Na chini ya kimya lilikuwepo neno ambalo hakuna mtunzi aliyethubutu kuliandika katika mchezo tangu kile kisa cha mwigizaji wa harusi.

"Hapa unataka ubao," Tusekile alisema.

"Ha-hakuna ubao."

Alielewa polepole, kisha akaelewa yote. Mjini kote alikuwa yeye peke yake awezaye kulitamka neno lile mbele ya kinasa sauti lisimfunge yeye wala mtu mwingine.

"Mwalimu, watu wote watasikia. Watajua ni mimi."

"Nd-ndiyo."

"Nisamehe, Mwalimu."

Alisimama kwenye herufi muda mrefu. Tusekile alingoja, kama alivyofundishwa, asimmalizie.

"So-soma," Mwalimu alisema, akaondoka.

Alhamisi ile walikaa wakitazamana, kipaza sauti kimoja katikati yao. Bi Bupe, aliyeukubali mchezo bila kumwajiri msomaji, alikuwa nyuma ya kioo, ameshika kiuno. Sehemu ya afisa aliisoma Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa hajawahi kusikika redioni maisha yake yote, na mji mzima ukangoja naye kwenye kila herufi.

"U-u-unaridhia," aliuliza, jasho likimdondokea kwenye karatasi, "Mwalimu a-asa-asawazishwe?"

Tusekile alihesabu. Moja. Mikono yake ilitafuta ubao mezani, haikuupata. Mbili. Alifikiria redio zote zilizowashwa, wauza viazi, Gwantwa na sweta lake, Lwitiko na koleo mkononi. Tatu. Alisikia pumzi yake ikitoka, ileile, na akajua nao wameisikia. Nne.

"Sawa."

Taa ya ukutani haikuwaka. Neno lilitoka studioni likaenda kila nyumba bila kumfunga mtu, jepesi na la kutisha, na watu waliokuwa wamelichunga maisha yao yote walilisikia kwa mara ya kwanza lilivyo. Taa ya kipaza sauti ikazimika. Bi Bupe hakupiga makofi. Tusekile alikaa ameziba uso kwa mikono, asiweze kuuinua.

Ng'ambo ya meza aliisikia sauti ya mtu anayehangaika na herufi ngumu. Alingoja.

"M-ma," alisema Mwalimu. "Ma-marahaba."